Kalamu ya kupimia maji ya Sh 22,000: yangu imesema madafu hayanyweki

Nianze na dafu. Jumamosi moja baada ya kufunga biashara nilimimina maji ya dafu kwenye glasi, nikachovya kalamu ya kupimia maji niliyokuwa nimeinunua Kariakoo wiki hiyo hiyo. Namba zikapanda, zikapanda, zikasimama kwenye 2,700 na ushei. Kikaratasi kilichokuja na kalamu kinasema kuanzia 500 kwenda juu maji hayafai. Basi wauza madafu wote wa Dar ni wauaji, na sisi wengine tumeponea chupuchupu tangu utotoni.

Nikajaribu upande wa pili. Maji ya chupa, lakiri yake haijaguswa: 64. Nikachota kijiko kimoja cha maji ya mtaro unaopita nyuma ya kibanda changu, ule ambao hata kuku wanauruka, nikakitia humo humo kwenye glasi ya maji ya chupa na kukoroga. Kalamu ikasoma 69. Kwa mujibu wa kikaratasi, hayo ni maji "bora kabisa".

Naandika haya kwa sababu kalamu hizi zimejaa mjini na kila mwenye tenki juu ya nyumba sasa anayo moja kwenye droo. Nimeitumia yangu miezi mitano. Si takataka, ina kazi yake, ila kazi yenyewe siyo ile uliyouziwa.

Mimi nauza juisi Tabata, mwaka wa saba huu. Ukwaju, embe, pasheni, na miwa wikiendi. Glasi ya ukwaju ni maji, sukari na jina. Mwaka 2015, kipindupindu kilipoingia Dar mwezi wa nane, nilikuwa bado nimeajiriwa kwa mtu, na nakumbuka wauza juisi ndio tuliokuwa wa kwanza kunyooshewa kidole. Kwa hiyo suala la maji halijawahi kuwa dogo kwangu.

Kalamu niliifahamu kwenye kikoba. Mwezi wa tatu alitujia kijana mmoja wa mauzo, tai shingoni, na mashine ya kuchuja maji ya Sh 650,000 unayolipa kwa awamu tatu. Kampuni yake siitaji. Akaweka glasi mbili mezani, moja ya maji ya bomba ya mwenye nyumba, nyingine ya maji yaliyopita kwenye mashine yake. Akachovya kalamu: bomba 138, mashine 9. Akina mama wakaguna. Halafu akatoa kidude chenye vifimbo vya chuma, akakichomeka kwenye umeme na kutumbukiza vifimbo kwenye glasi zote mbili. Dakika haikuisha. Glasi ya bomba ikageuka kijani, ikaenda kahawia, ikaishia kama maji yaliyooshewa sufuria la makande, na mapovu machafu juu. Ya mashine ikabaki karibu nyeupe. "Hiki ndicho mnachowanywesha watoto," akasema. Wawili wakatoa kianzio palepale.

Sasa mimi ni mtoto wa CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia. Kemia nilipata D, lakini ni D ya haki. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hebu niazime hiyo glasi yako nzuri." Nikatia chumvi ya kupikia, ncha ya kijiko tu, nikakoroga. "Haya, washa tena." Hakutaka, mwenyekiti akamlazimisha. Yakachafuka kuliko yale ya bomba.

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Ule uchafu hautoki kwenye maji, unatoka kwenye vifimbo. Maji yenye madini kidogo yanapitisha umeme, umeme unakula chuma, chuma kinakuwa kutu, na kutu ndiyo ile tope uliyoiona. Maji yaliyonyang'anywa madini yote hayapitishi umeme wa maana, kwa hiyo kifimbo kinabaki kizima na maji yanabaki meupe. Hapo hujapimiwa usafi wa aina yoyote. Mwenyekiti akamwambia kijana anywe chai kwanza ndiyo aende, na wale wawili wakarudishiwa hela zao.

Niliporudi nyumbani nikakuta sijaridhika. Nimemuumbua kijana, sawa, lakini je, mimi mwenyewe najua maji yangu yana nini? Sijui. Nikaenda Kariakoo kutafuta kalamu ile ile.

Kwa kifaa chenyewe sina malalamiko makubwa. Plastiki nyepesi, kifuniko kinabana vizuri, betri mbili ndogo za saa, na inasoma joto pia. Imeshadondoka mara mbili kwenye sakafu ya sementi na bado inawaka. Usahihi wake umenishangaza: baadaye niliilinganisha na mashine ya maabara kwa maji yale yale, maabara ikasoma 142, kalamu 138. Kwa Sh 22,000 sidai zaidi.

Inachopima ni jumla ya vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, hasa chumvichumvi: kalsiamu, magnesiamu, sodiamu na wenzao. Ina vipini viwili vya chuma kwenye ncha, inapitisha umeme kidogo kati yake, kisha inakisia kiasi cha chumvi, kwa miligramu katika kila lita, kutokana na jinsi umeme ulivyopita. Bakteria haioni. Tope haioni. Klorini haitofautishi na kitu kingine chochote. Dafu lina madini tele, ndiyo maana likasoma 2,700. Na ile 500 ya kwenye kikaratasi imetoka Marekani, ambako kwenyewe ni ushauri wa ladha na madoa tu, hakuna anayeshitakiwa kwa kuizidi. Kiwango chetu cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa, EAS 12, kinaruhusu mpaka miligramu 700 kwa lita kwa maji yaliyotibiwa, na 1,500 kwa maji ya asili.

Lakini kwa Dar kalamu ina kazi moja ambayo peke yake inarudisha hela yako, nayo ni boza. Wiki ya mgao unapiga simu, lori linakuja, dereva anakuapia kwamba ni maji ya Ruvu, yaani ya bomba la mji, amechota muda huu huu. Unalipa bei ya Ruvu. Maji ya bomba yanayofika kwangu, nimeyapima mara nyingi sana, yanacheza kati ya 110 na 150. Mwezi wa tano lilikuja boza, nikamwomba dereva anikingie kikombe kabla hajafungua mpira. Kalamu ikasema 1,380. Hayo ni maji ya kisima, tena kisima chenye chumvi, kama vingi huku kwetu. Nikamwonyesha. Akaangalia kalamu, akaniangalia mimi, akasema labda tajiri wake amebadilisha mahali pa kuchota. Tukashuka bei, maji nikayafanya ya kuoshea. Mara nyingine kisima cha jirani kilisoma 1,460, na nikaelewa kwa nini sabuni kwao haitoi povu. Kwa kazi hiyo naipa nyota nne, na moja nimeizuia kwa sababu ya kikaratasi.

Aliyenifungua macho kuhusu mengine yote ni mteja. Ni mzee mmoja mstaafu, amefanya kazi maabara ya maji miaka 30 na ushei, anakuja Jumanne na Ijumaa kunywa ukwaju. Ukwaju wake siku zote ni bila barafu. Nilidhani ni meno. Siku aliyoniona nachovya kalamu kwenye ndoo akacheka mpaka akavua miwani.

"Binti, hiyo inapima chumvi. Kipindupindu hakina chumvi."

"Sasa nyie mlikuwa mnapima nini, mzee wangu?"

Akaomba karatasi. Nitaeleza alivyonieleza, kwa sababu nimekuja kugundua wengi tunaishi hapa na hatujui maji yanachungwa vipi kabla hayajafika bombani.

Maji mengi ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, yanatoka Mto Ruvu, kwenye mitambo miwili mikubwa: Ruvu Juu, iliyoanza mwaka 1959, na Ruvu Chini ya mwaka 1976. Uwezo wake kwa siku ni lita milioni 196 na lita milioni 270. Sisi wa Tabata tunakula Ruvu Juu, wa Mikocheni na Sinza wanakula Ruvu Chini. Mto huo masika unakuja rangi ya chai ya maziwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya watu wa maabara pale mtamboni ni tope. Wanachukua maji ya mto, wanayagawa kwenye glasi kubwa sita zilizopangwa chini ya mashine yenye mapanga madogo yanayokoroga, na kila glasi wanaitilia shabu kwa kipimo tofauti. Wanaangalia ni ipi uchafu wake unashikana upesi na kuzama chini. Kipimo kilichoshinda ndicho kinachokwenda kwenye mtambo mzima. Mvua ikinyesha Morogoro mto unabadilika, na mchezo wa glasi sita unaanza upya. Mzee anasema kuna usiku wa masika walirudia zoezi hilo mpaka alfajiri.

Hapo nikamkatiza. Bibi yangu Kilosa alikuwa anatumbukiza kipande cha shabu kwenye mtungi, anakizungusha mara kadhaa na kukitoa. Ni kitu kile kile? "Kile kile," akasema, "ila bibi yako hakuwa na wateja milioni."

Tope si suala la sura tu. Linawaficha vijidudu, na linakula klorini kabla klorini haijawala wao. Kwa hiyo maji huzamishwa uchafu, huchujwa kwenye mchanga, ndipo hutiwa klorini. Na klorini hiyo haiwekwi ya kuua tu na kwisha. Inawekwa ya kubaki. Hii ndiyo sehemu iliyonigeuza kichwa: wanataka maji yafike kwako bado yana klorini kidogo ndani. Shirika la Afya Duniani linataka isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtu anapochota. Ikiwepo, ujue kuna askari kasindikiza maji njia nzima. Ikiwa haipo, huko njiani kuna kitu kimeimaliza, na hapo ndipo mpima maji anapoanza kuuliza maswali.

Watu wengi wakisikia harufu ya klorini kwenye bomba wanalalamika. Mimi pia nilikuwa nalalamika. Sasa nikiikosa ndiyo nashtuka.

Baada ya mtambo kuna mtandao wenyewe, na huko ndiko sampuli zinakochukuliwa: kwenye matangi makubwa, kwenye mabomba ya shule, zahanati, majumbani. Nilimuuliza zinatakiwa ngapi. Akanipa kanuni ya Shirika la Afya Duniani kwa mji unaozidi watu 500,000: sampuli 12 kwa kila watu 50,000 kwa mwaka, kisha ongeza 600. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Tukapiga hesabu kwenye simu yangu, tukijifanya kila mmoja wao ana bomba: karibu 1,900 kwa mwaka, yaani kama tano kwa siku. Tano! Nilidhani atasema elfu. Akasema hizo ni za vijidudu tu, na ndicho kiwango cha chini, klorini inapimwa mara nyingi zaidi kwa sababu ni rahisi. Halafu akaniambia jambo ambalo sijalisahau: kipimo cha vijidudu kinalala. Unachuja mililita 100 kwenye kikaratasi chembamba chenye vitundu visivyoonekana, unakiweka kwenye chakula cha bakteria ndani ya kabati la joto la nyuzi 44, na kesho yake unahesabu vidoa. Kila kidoa ni familia moja ya bakteria waliotoka kinyesini. Maji ya kunywa yanatakiwa yawe na sifuri. Lakini mpaka uipate hiyo sifuri, maji yenyewe watu walishayanywa jana. "Kwa hiyo klorini ni leo, vijidudu ni jana," akasema. Klorini inajibu ndani ya dakika mbili ukiwa umesimama hapo hapo bombani.

Hayo mamlaka za maji huyapeleka EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, na EWURA kila mwaka hutoa ripoti ya utendaji wa mamlaka zote nchini, ubora wa maji ukiwemo. Nimeisoma. Inafaa, ila ni ya mji mzima na ya mwaka mzima, na mimi ninachotaka ni Tabata, wiki hii. Mdogo wangu anaishi New York. Nilimtumia ujumbe, akanipigia picha ya kisanduku cha chuma cha rangi ya fedha kimesimama pembeni ya barabara karibu na kituo chake cha basi, kina kufuli. Miaka sita amekuwa akipita hapo akidhani ni mambo ya simu. Kumbe ndani yake kuna bomba dogo kutoka kwenye mtandao, mpima maji anafungua, anakinga, anapima, anafunga. Viko karibu 1,000 mji mzima, na matokeo yanawekwa hadharani, mtu yeyote anayasoma. Na sehemu kubwa ya maji yao hata haichujwi, yanatoka milimani, yanatiwa klorini na kupigwa mwanga wa kuua vijidudu. Sisi tunaanza na Ruvu ya masika. Hapo nawapa heshima watu wa mtambo wa Ruvu Juu kule Mlandizi.

Nirudi kwenye manunuzi. Wiki iliyofuata nilikwenda duka la vifaa vya mabwawa ya kuogelea, upande wa Mikocheni, nikanunua kisanduku cha kupimia klorini, Sh 58,000. Ni kidogo kama cha miswaki. Ndani kuna kichupa chenye mistari ya rangi ya waridi pembeni, kutoka hafifu kwenda kali, na vidonge vimefungwa kimoja kimoja. Unajaza maji mpaka alama, unapasulia kidonge humo bila kukigusa kwa vidole, unatikisa, unalinganisha rangi. Ukiona waridi, klorini ipo. Ukiona maji yamebaki meupe, haipo. Muuzaji alitaka kunipa kile cha matone ya njano cha Sh 30,000, mzee alishanionya nisikichukue: kinapima klorini yote kwa jumla, hata ile iliyokwishachoka kupigana, na mimi naitaka iliyo huru. Vidonge viwe vile vilivyoandikwa DPD 1. Na msihangaike kukitumia kwenye ndoo mliyotia dawa nyingi, maana klorini ikizidi sana inaifuta rangi, unaona meupe na kudhani hakuna kitu. Nilifanya kosa hilo siku ya pili, nikaongeza dawa juu ya dawa, na ndoo nzima ikaenda chooni.

Kasoro: mistari ya rangi inataka mwanga wa jua, usiku chini ya taa ya njano huoni tofauti ya 0.2 na 0.4. Vidonge 50 vinaisha upesi ukishanogewa, na kuvipata tena ni safari. Mume wangu alivitumia vitatu kupima soda. Pamoja na yote hayo, nyota tano, na ningeinunua tena kesho.

Maana hiki ndicho kilichotokea. Siku ya mgao wetu niliacha bomba la kwenye mita litiririke, kwa sababu bomba lililokuwa tupu hunyonya uchafu wa nje kwenye kila ufa, na maji ya mwanzo ndiyo yanayoubeba. Hayo nikaoshea baraza. Baada ya dakika kumi nikapima: waridi nzuri, 0.4. Nikapanda nyuma, nikafungua bomba linalotoka kwenye simtenki letu la lita 2,000, ambalo ndilo linalolisha jiko na juisi. Nikatikisa kichupa. Meupe. Nikarudia kwa kidonge kingine nikidhani cha kwanza kimeharibika. Meupe pe.

Nikapeleka sampuli maabara. Huduma hii nayo niipe neno, kwa sababu watu wengi hawajui kwamba raia wa kawaida anaweza kwenda na maji yake. Inagharimu kama kuku wawili wa kienyeji kwa kipimo cha vijidudu. Kwanza unafuata chupa zao, hutumii zako. Mara ya kwanza niliharibu. Nilizisuuza, kama ambavyo mwanamke yeyote wa Dar angesuuza chupa asiyoijua. Dada wa mapokezi akaniuliza, "Umesuuza?" kwa sauti ya mtu anayejua jibu. Ndani ya chupa huwa kuna dawa kidogo ya kuizima klorini, ili isiendelee kuua bakteria njiani ukafika na majibu ya uongo. Mimi nilikuwa nimeimwaga kwenye sinki. Nikapewa chupa nyingine na somo bila malipo: toa mpira kwenye bomba, futa mdomo wa bomba kwa spiriti, yaache maji yatiririke dakika mbili tatu, usiguse ndani ya kizibo, usijaze mpaka juu, weka kwenye boksi lenye barafu, na ufike ndani ya saa sita. Kutoka Tabata, foleni ya asubuhi, boksi la samaki mapajani kwenye daladala. Kondakta alitaka nilipie boksi.

Majibu baada ya siku mbili. Bomba la kwenye mita: sifuri. Simtenki: vidoa 23.

Sikulala vizuri. Saa saba mchana nilimpandisha fundi juu. Kifuniko kilikuwa kimepasuka upande wa ukuta, ambako hakionekani ukiwa chini, na chini ya tenki kulikuwa na tope la kina cha vidole viwili na mjusi. Sitaeleza hali ya mjusi. Mara ya mwisho kulisafisha? Tulitazamana na mume wangu, kila mmoja akisubiri mwenzake ajibu. Tukakubaliana kuwa ni kabla ya ule mgao mkubwa wa Oktoba 2022, Ruvu ilipopungua na kila mtu akawa anajaza kila chombo.

Mji umechunga maji yale kutoka mtoni, kwa glasi sita na shabu na mchanga na klorini, umeyafikisha kwenye mita yangu yakiwa na sifuri. Nimeyapandisha mwenyewe juu ya paa langu, nikayaharibu kwa mjusi. Na kalamu? Kalamu ilisoma 138 kwenye mita na 141 kwenye tenki. Haikuona kitu.

Tumesugua, tumebadilisha kifuniko, tumeweka wavu kwenye bomba la kupumulia. Juisi sasa nachanganyia maji yaliyochemshwa, na ya barafu pia nayachemsha kabla ya kuyagandisha. Tenki napima kila Jumatatu na Alhamisi mchana juani. Likikaa zaidi ya siku tatu bila maji mapya waridi inafifia, hiyo ni kawaida, klorini haidumu milele, hapo natia dawa kwa kipimo cha kwenye chupa na kusubiri nusu saa. Mwezi wa saba nilirudisha sampuli maabara, safari hii kwa chupa ambayo sikuisuuza. Sifuri.

Kwa hiyo, mwenye kisima au mnunuzi wa boza, nunua kalamu, utaokoa hela. Mwenye bomba la mji na tenki juu, kalamu haikuhusu, weka hizo Sh 22,000 kwenye kisanduku cha klorini, na kabla ya vyote tafuta ngazi. Anayekuja na vifimbo vya umeme mpeni chai na chumvi.

Ijumaa iliyopita mzee alikuja kama kawaida. Nilimwekea ile karatasi ya maabara chini ya glasi. Akavaa miwani, akaisoma yote, hadi mhuri. Akauliza ya leo ni ngapi. Nikamwambia nimepima saa sita, nukta tatu.

"Basi weka barafu," akasema. "Vipande viwili tu."